Data za Matetemeko Zifike Zenyewe: Mwongozo wa Stesheni za Mbali Wilayani Rungwe

Tarehe 6 Desemba 2009 ardhi ya Karonga, upande wa Malawi wa Ziwa Nyasa, ilianza kutikisika na haikutulia. Matetemeko yalifuatana siku baada ya siku, na tarehe 19 likaja kubwa kuliko yote, la ukubwa wa karibu 6.0. Karonga si mbali. Ukiteremka kutoka Tukuyu hadi Kyela na kuvuka Mto Songwe pale Kasumulu, umeshaingia wilaya hiyo. Vifaa vya kufuatilia mitetemo kwa karibu vilipelekwa huko mwanzoni mwa 2010, pigo kubwa likiwa limeshapita. Kwa siku zile za mwanzo watafiti walilazimika kutegemea stesheni za mbali na vipimo vya satelaiti. Mtetemo ambao haukurekodiwa siku ulipotokea haurekodiki tena. Hakuna fedha wala utaalamu wa kuurudisha.

Rungwe haina sababu ya kujiona salama zaidi. Hapa ndipo matawi matatu ya Bonde la Ufa yanapokutana: la Rukwa kutoka kaskazini-magharibi, la Usangu kutoka kaskazini-mashariki na la Nyasa kutoka kusini. Juu ya makutano hayo umekaa Mlima Rungwe wenye mita 2,960 hivi, Ngozi na ziwa lake ndani ya kasoko, na Kyejo, ambao lava yake ya mwisho ilitoka karibu mwaka 1800. Tetemeko la Rukwa la tarehe 13 Desemba 1910, la ukubwa wa 7.4 hivi, ni miongoni mwa makubwa kabisa yaliyopimwa Afrika Mashariki. Kati ya 2013 na 2015 mradi wa SEGMeNT, uliowashirikisha Watanzania, Wamalawi na Wamarekani, ulitandaza stesheni zaidi ya 50 kuzunguka kaskazini mwa Ziwa Nyasa, Rungwe ikiwemo. Mradi ulipoisha, stesheni zake za muda nazo ziliondolewa.

Kwa miaka mingi stesheni za aina hiyo zilitegemea gari. Data zilijazwa kwenye diski porini, na baada ya wiki au miezi mafundi walipanda mlima kuzichukua. Betri ikifa siku ya tatu baada ya wao kuondoka, hakuna aliyejua mpaka safari iliyofuata. Mwongozo huu ni wa kuondokana na hali hiyo. Nimeuandika kwa ajili ya fundi wa halmashauri, mwalimu wa fizikia, mwanafunzi wa jiolojia na yeyote aliyepewa kazi ya kusimamia stesheni. Msimamo wangu ni kwamba stesheni ya mbali ina kazi mbili zenye uzito sawa: kutuma data bila kufuatwa, na kupiga kelele inaponyamaza. Haitabiri tetemeko, na usimwahidi mtu yeyote kwamba itatabiri.

Hatua ya 1: Ruhusa na mahali

Anzia ofisi za halmashauri: Rungwe iko Tukuyu, na kama eneo lako ni la upande wa Mwakaleli au Lwangwa, nenda ile ya Busokelo. Wajulishe Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania (GST), Dodoma, ambao kufuatilia matetemeko ni sehemu ya kazi yao. Kazi ikiwa ya utafiti, kuna kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH). Ndani ya msitu wa hifadhi utahitaji idhini ya Wakala wa Huduma za Misitu (TFS), na ukitumia redio badala ya laini ya simu, wahusika ni Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA).

Halafu nenda kijijini, na hapa usiwe na haraka. Onana na mwenyekiti na mtendaji, na uombe nafasi ya kuzungumza kwenye mkutano wa kijiji. Boksi lililofukiwa ardhini na kufungwa kwa kufuli huzaa maneno, na neno la kwanza huwa ni madini. Wazee watauliza, "Mnatafuta nini humu?" Jibu lililo bora ni kufungua kompyuta pale pale, kumwomba kijana mmoja aruke karibu na kifaa, na kuwaonyesha watu wote mstari ukipanda na kushuka. Watu wakishaona kifaa kinasikia nini, watakilinda.

Kuhusu eneo lenyewe, kaa mbali na barabara kuu ya Uyole–Tukuyu–Kasumulu angalau kilomita 2 au 3, maana malori ya Malawi hayalali. Epuka viwanda vya chai, mashine za kusaga na maporomoko ya maji. Mikaratusi nayo ni adui asiyedhaniwa: upepo ukiyumbisha shina, mizizi hutikisa ardhi. Migomba hufunika anga, ukakosa jua na satelaiti kwa pamoja. Tafuta mwamba wa lava unaoonekana. Sehemu kubwa ya wilaya imefunikwa majivu na changarawe nyepesi ya pamisi, nyingine ikiwa imerushwa na mlipuko mkubwa wa Mlima Rungwe miaka 4,000 hivi iliyopita, na juu ya tabaka hilo mawimbi hukuzwa na kupotoshwa.

Hutapata mahali penye sifa zote. Nikilazimika kuchagua kati ya mwamba mzuri usio na mtu jirani na ua wa zahanati au shule yenye mlinzi, nachagua ua. Kelele za wanafunzi hukoma jioni, lakini paneli ikiibwa stesheni nzima imekufa. Kabla ya kuamua, simama pale pale na simu zenye laini za mitandao tofauti, upime kasi ya intaneti mchana, usiku, na wakati wa mvua.

Hatua ya 2: Shimo na kifaa

Seismomita, yaani kifaa chenyewe kinachohisi mtetemo, hutaka utulivu, ukavu na joto lisilobadilika. Chimba kama mita moja hadi ufikie mwamba au udongo mgumu, mwaga zege laini na sawa kwa kitako, na usiliunganishe na kuta za shimo. Tukuyu hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Kwa hiyo chagua mteremko, weka bomba la kutoa maji chini ya kitako, na inua mdomo wa shimo juu ya usawa wa ardhi. Funika kifaa kwa sponji nene, kisha mfuniko, kisha udongo.

Mhimili mmoja wa kifaa lazima uelekee kaskazini ya kweli. Usiiamini dira peke yake hapa. Lava ya Rungwe ina madini ya chuma yanayovuta sindano, na ukihamisha dira mita chache usomaji unaweza kubadilika. Piga mstari kwa GPS kati ya nukta mbili zilizo mbali, au tumia kivuli cha jua na saa sahihi, ndipo uchore alama kwenye zege.

Nyaya zote zipite ndani ya bomba, na midomo ya bomba izibwe kwa nyuzi za chuma. Panya hukata nyaya, na siafu hupenda boksi lenye joto.

Hatua ya 3: Umeme

Stesheni nyingi za mbali hufa kwa njaa ya umeme, na Rungwe ina ukungu wa siku kadhaa mfululizo. Piga hesabu kabla ya kununua chochote.

Chukua mfano wa kifaa, dijitaiza (inayogeuza ishara ya kifaa kuwa namba) na modemu vinavyokula wati 6 kwa pamoja. Kwa saa 24 hizo ni wati-saa 144, sawa na ampea-saa 12 kwenye mfumo wa volti 12. Unataka stesheni iishi siku 5 bila jua, hivyo unahitaji ampea-saa 60 za kutumika. Betri ya asidi haifai kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo nunua ya ampea-saa 120. Betri ya gari haifai kwa kazi hii. Tafuta ile ya sola inayostahimili kuchajiwa na kushushwa kila siku.

Upande wa paneli, usihesabu jua la Dodoma. Kwa msimu mbaya wa Tukuyu chukulia saa 2 na nusu tu za jua kamili kwa siku. Wati-saa 144 ukizigawa kwa 2.5 unapata wati 58. Ongeza hasara za nyaya, vumbi na kontrola, zifike kama 80. Lakini baada ya siku za ukungu paneli inatakiwa ilishe stesheni na kujaza betri kwa wakati mmoja, kwa hiyo weka ya wati 150. Ielekeze kaskazini, kwa sababu tupo kusini ya ikweta, na uiinamishe nyuzi 15 hivi ili mvua iioshe.

Kontrola ya chaji iwe na uwezo wa kuzima mzigo betri inaposhuka na kuuwasha tena yenyewe betri inapopanda. Kabla hujaifungia kwenye boksi, ijaribu mezani kwa kuikatia umeme kabisa, kisha kuurudisha. Kila kifaa kinapaswa kuamka bila kubonyezwa. Kama modemu yako inahitaji kidole ili iwake, ibadilishe.

Radi za huku ni kali. Zika fimbo ya ardhi, unganisha boksi, nguzo na fremu ya paneli kwenye ardhi hiyo hiyo moja, na weka vikinga-radi kwenye nyaya za antena na za umeme.

Hatua ya 4: Saa

Mahali pa tetemeko hupatikana kwa kulinganisha muda mawimbi yalipofika stesheni mbalimbali. Saa ikikosea sekunde moja, mahali huweza kuhama kwa kilomita kadhaa. Dijitaiza huchukua saa kutoka satelaiti za GPS, kwa hiyo antena yake ione anga wazi.

Data zote zinaandikwa kwa saa ya dunia, UTC, na hapa ndipo wengi wanapochanganyikiwa. Saa yetu rasmi iko mbele ya UTC kwa saa 3, na saa ya Kiswahili iko nyuma ya saa rasmi kwa saa 6. Njia fupi kwa saa za mchana ni kutoa 3 kwenye UTC ili kupata saa anayoitaja mwanakijiji. Tetemeko la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016, la ukubwa wa 5.9, lilitokea saa 12:27 UTC, na watu wa Bukoba walilisikia saa 9:27 alasiri. Kumbuka pia kwamba siku ya UTC huanza saa 9 usiku kwetu, hivyo faili la siku mpya hufunguliwa watu wakiwa usingizini. Usibadilishe saa ya kifaa iwe ya Tanzania kwa ajili ya urahisi.

Hatua ya 5: Data zikae kwanza pale pale

Kosa linaloonekana dogo ni kuifanya stesheni itume moja kwa moja bila kuhifadhi. Mtandao utakatika. Dijitaiza lazima iandike kwenye kadi yake ya ndani kwanza, kisha nakala ndiyo isafiri.

Ukubwa wa data hautishi. Mihimili mitatu ikipima mara 100 kwa sekunde, kwa siku ni vipimo 25,920,000. Bila kubanwa vingekuwa megabaiti kama 104, lakini katika muundo wa miniSEED unaobana data hushuka hadi kati ya 30 na 50, kutegemea kelele za mahali. Kadi ya gigabaiti 32 itabeba zaidi ya mwaka na nusu. Iweke ifute ya zamani kabisa inapojaa, isisimame.

Hatua ya 6: Njia ya kusafiria

Megabaiti 40 kwa siku ni kama baiti 450 kwa sekunde. Hata mtandao wa 2G unatosha. Kwa mwezi hesabu gigabaiti 1.2, na ukiongeza gharama za mawasiliano yenyewe weka bajeti ya gigabaiti 2. Bando la wiki halifai, kwa sababu litaisha Jumapili usiku na stesheni itaonekana kama imeharibika. Omba laini ya taasisi inayolipiwa baada ya matumizi, isajiliwe kwa jina la taasisi. Laini iliyosajiliwa kwa jina la kijana wa mradi huondoka naye.

Jambo la pili huwatesa wengi. Laini ya kawaida ya simu haina anwani ya wazi ya intaneti, kwa hiyo seva yako haiwezi kuipigia stesheni. Stesheni ndiyo iipigie seva. Weka VPN kwenye modemu, WireGuard au OpenVPN, ijiunge yenyewe kila inapowaka na kila inapokatika. Baada ya hapo stesheni hupata anwani ya kudumu ndani ya mtandao wako binafsi, na mtu wa nje haioni.

Modemu huganda. Iwekee utaratibu wa kujizima na kujiwasha kila inaposhindwa kuifikia seva kwa dakika 30.

Hatua ya 7: Seva na upokeaji

Itifaki inayotumika sana ni SeedLink, iliyotoka kituo cha GFZ cha Potsdam, Ujerumani, na husikiliza kwenye mlango namba 18000. Uzuri wake kwa mazingira yetu ni kwamba kila pakiti ina namba ya mfuatano. Mtandao ukirudi, seva husema namba ya mwisho iliyopokea, na stesheni huanzia hapo. Kama dijitaiza inatunza pakiti za siku 7, mkatiko wa siku 2 hujazika wenyewe bila mtu kugusa kitu.

Kwenye seva yenye Linux, programu ndogo iitwayo slarchive inatosha kuanzia. Amri yake ni hii, ambapo XX ni msimbo wa majaribio wa mtandao wa stesheni, RUN1 ni jina la stesheni, HH? ni mihimili yake yote na 10.8.0.11 ni anwani yake ndani ya VPN:

slarchive -SDS /data/sds -x /data/hali/run1.state:100 -S "XX_RUN1:HH?" 10.8.0.11:18000

Sehemu ya -x ndiyo inayokumbuka namba ya mwisho, kwa hiyo usiiache. Sehemu ya -SDS hupanga mafaili kwa mwaka, mtandao, stesheni na mhimili, faili moja kwa kila siku, mfano:

/data/sds/2016/XX/RUN1/HHZ.D/XX.RUN1..HHZ.D.2016.254

Hiyo 254 ni siku ya mwaka. Kwa 2016 ni tarehe 10 Septemba. Usibuni mpangilio wako mwenyewe wa majina. Programu za SeisComP na ObsPy, ambazo utazihitaji kuchambua, zinaufahamu mpangilio huu tayari.

Iweke slarchive iwe huduma ya systemd inayojiwasha seva inapowaka. Seva ikae penye umeme wa uhakika, na nakala ya kila siku iende mji mwingine.

Shule yenye fedha kidogo inaweza kuanza na Raspberry Shake. Kifaa hicho hutoa data kwa SeedLink vilevile, na mafaili yake yamepangwa hivyo hivyo. Hakisikii vizuri mawimbi ya taratibu ya matetemeko ya mbali, lakini kwa mitetemo ya karibu kinafanya kazi ya maana.

Hatua ya 8: Stesheni inaponyamaza

Hii ndiyo hatua inayoachwa mara nyingi kuliko zote, na ndiyo inayotenganisha stesheni hai na boksi lililofukiwa. Andika programu fupi inayoendeshwa na cron kila dakika 10 na kuangalia mambo manne: pakiti ya mwisho ina umri gani, volti za betri ni ngapi, kama GPS imeshika satelaiti, na diski ya seva imebakiza nafasi kiasi gani.

Pakiti ikichelewa saa moja, fundi apate ujumbe mfupi kwenye simu. Ikichelewa saa 12, msimamizi wake naye apate. Usitume onyo kwa kila mkatiko wa dakika tano. Fundi akizoea maonyo ya bure ataacha kuyasoma. Volti ndizo zinazoonya mapema. Betri inayoshuka kidogo zaidi kila alfajiri, wiki nzima, inakuambia paneli imefunikwa na majani au betri imezeeka, na una siku kadhaa za kupanga safari kabla ya giza.

Hifadhi pia namba ya simu ya mlinzi au jirani. Swali moja, "Baba, taa ya kijani kwenye boksi inawaka?", huokoa safari nzima ya kupanda hadi Isongole.

Hatua ya 9: Jaribu

Ruka mara tatu kando ya shimo na uthibitishe mihimili yote mitatu imeona. Chomoa antena ya modemu kwa saa 6, irudishe, kisha hakiki faili la siku hiyo kama lina pengo. Zima umeme wote usiku, uwashe, na usiguse kitu kingine.

Halafu subiri tetemeko halisi. Mawimbi ya kwanza, P, hufika kabla ya yale ya pili, S. Zidisha sekunde zilizo kati yao kwa 8, upate takriban kilomita za umbali; tofauti ya sekunde 10 ni kilomita 80 hivi. Linganisha na taarifa za vituo vya kimataifa. Stesheni moja hukupa umbali tu, na mahali panahitaji angalau tatu, kwa hiyo zungumza na GST na majirani wa Malawi kuhusu kubadilishana data moja kwa moja.

Andika pia kumbukumbu za vifaa: aina, namba ya kiwandani, unyeti, latitudo na longitudo ya mahali, mwinuko, na tarehe ya kila badiliko. Bila hizo, rekodi ni mistari isiyoweza kugeuzwa kuwa mwendo wa ardhi.

Hatua ya 10: Watumiaji

Omba msimbo rasmi wa mtandao kutoka FDSN, shirikisho la kimataifa la mitandao ya seismomita, kabla ya kuanza kutoa data nje. XX ni ya majaribio tu. TGDC, kampuni ya umma ya jotoardhi iliyoanzishwa 2013, inachunguza Ngozi na Kiejo-Mbaka, na mitetemo midogo ya ukubwa wa 1, isiyosikika kwa miguu wala kufika stesheni zilizo mbali na eneo hilo, inaweza kusaidia kuonyesha nyufa ambamo maji ya moto yanapita. Wahandisi wa ujenzi wanahitaji rekodi za miaka mingi, zikiwemo za siku ambazo hakuna kilichotokea.

Halmashauri nayo ipate ukurasa mmoja kila mwezi, kwa Kiswahili, wenye matetemeko yaliyorekodiwa, yaliyosikika na wananchi, na saa ambazo stesheni haikufanya kazi. Sehemu hiyo ya mwisho usiifiche. Nakala moja ibandikwe ofisi ya kijiji, na mchoro wa nyaya, maneno ya siri na ufunguo wa akiba vikae kwa watu wawili, angalau mmoja wao akiwa mkazi wa hapo hapo Rungwe.